Upande wa Siasa

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha wananchi kutoa maoni mjini Kakamega. Kusema kweli sikuwa na maoni. Tangu nistaafu ukarani nimekuwa mtu wa kwenda kukaa nyuma kwenye vikao vya wengine, nikiwatazama makarani wa siku hizi wanavyochapa bila kumwangalia msemaji usoni, kisha narudi nyumbani nimenuna. Siku hiyo mama mmoja mzee, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alisimama akauliza kwa nini kisima kilichochimbwa kwao Buyangu kimefungwa kwa kufuli na ufunguo kapewa mtu mmoja. Aliuliza bila haraka wala hasira. Kijana aliyeshika kipaza sauti akatabasamu. "Asante sana, mama. Lakini tusiingize siasa, tuko hapa kwa mambo ya maendeleo." Watu wachache wakacheka. Yule mama hakuketi. "Nimesikia," akasema. "Na ufunguo?" Sauti ile niliijua. Alikuwa Mama Aineah, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka arobaini, na ambaye jina lake niliwahi kuliandika mara kumi na moja katika upande wa kulia wa daftari, chini ya neno siasa.

Kikao kilipokwisha nilimfuata nje nikamshika mkono. Aliniangalia kitambo, kisha akasema, "Karani." Hakuniita Felista. Tuliingia kwenye hoteli moja karibu na soko tukaagiza chai. Yaliyosemwa pale nitayafikia, lakini kwanza nieleze mwaka ule, na naueleza nikiwa bado sijauelewa. Nimeandika kumbukumbu za vikao maisha yangu yote, nimeliandika neno siasa mara nyingi kuliko jina la mama yangu, na ukiniuliza leo lina maana gani nitaanza kukohoa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekwenda kuishi kwa senje yangu, dada ya baba, karibu na Shianda, kwenye mashamba ya miwa yaliyolisha kiwanda cha sukari. Chumba nilichopewa kilikuwa pia ghala la mbolea, kwa hiyo nguo zangu, nywele zangu na hata chai yangu ya asubuhi zilinuka mbolea. Ukuta kati yangu na chumba cha senje haukufika kwenye mabati, na kila jioni, wakati mimi nikichambua mrenda kwenye ungo, niliwasikia yeye na mume wake wakinijadili waziwazi. "Huyu mtoto ako na mwandiko mzuri," mume wa senje alisema jioni moja. "Mzee Opati anatafuta mtu wa kuandika kwa kamati." Senje akamjibu, "Akiandika vizuri, Opati atamtafutia kazi kiwandani. Lakini aandike tu. Asianze kuongeaongea." Kesho yake waliniambia habari hizo kana kwamba ni mpya, nami nikajifanya nimeshtuka. Niliitaka kazi hiyo ya kiwandani kwa namna ambayo leo inanitia aibu. Nilishachagua hata viatu vya kuendea.

Kamati yenyewe ilikuwa ya bloku. Bloku ni mashamba ya majirani yaliyounganishwa ili yalimwe pamoja na yakatwe pamoja, kila mwenye shamba akiwa na jina na nambari yake kwenye kitabu. Mzee Opati alikuwa mwenyekiti na tulikutana sebuleni kwake. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda za miaka iliyopita zilizobandikwa moja juu ya nyingine, na redio iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni kama mgonjwa. Baada ya sala Mzee Opati alisema maneno yaleyale kila mara: "Hii kikao ni ya miwa. Mwenye ako na siasa aiache huko nje kwa barabara." Kikao cha kwanza alinisogelea, akachukua rula yangu na kuchora mstari katikati ya ukurasa. "Huku kushoto unaandika ajenda," akaniambia. "Huku kulia ni siasa. Ya ajenda andika maneno yote. Ya siasa usiandike maneno, andika tu jina ya mwenye amesema. Umesikia, mwana wanje?" Aliniita mwanawe, nikasema nimesikia. Sikuuliza sababu. Baadaye senje alinieleza kwamba miaka michache nyuma Mzee Opati aliwahi kuchukuliwa na kulazwa siku mbili kituo cha polisi kwa sababu ya maneno ambayo mtu mwingine aliyasema katika kikao chake na karani akayaandika. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, na mtu angeweza kupotea kwa sababu ya karatasi. Kwa hiyo sikuzote nimeshindwa kumchukia vizuri yule mzee. Kila nikijaribu, namwona amekaa kwenye benchi la kituo akiwa ameshika kofia yake.

Mwanzoni nilingoja anielekeze. Mtu akisema, Mzee Opati angetikisa kichwa na kusema, "Hiyo ni siasa," nami nikaandika jina kulia. Aliyeuliza siku ya kupalilia aliandikwa kushoto. Aliyeuliza kwa nini trekta hupitia kwa watu fulani kwanza aliandikwa kulia. Hilo nililielewa, au nilidhani. Kisha siku moja Mzee Opati mwenyewe alisimama akamshukuru mbunge kwa daraja dogo la mtoni, akamsifu kwa muda mrefu, akasema mtu kama yule anafaa kurudishwa bungeni hata bila kupigiwa kura. Nikaona hapa sina haja ya kuelekezwa. Nikaandika upande wa kulia, kwa mwandiko wangu mzuri: Mzee Opati. Alipopitia daftari alicheka mpaka akavua miwani. "Karani, hii ni shukrani," akasema. "Shukrani ni siasa?" Wanakamati wote wakacheka, nikachana ukurasa ule na kuandika mwingine, masikio yakiniwaka. Usiku sikulala vizuri kwa kutafuta tofauti. Mwalimu wetu wa Kiswahili shuleni, mtu wa pwani, alikuwa akitukemea tufunge madirisha kwa siasa, akiwa na maana ya taratibu, bila kubamiza. Sasa nilikuwa na siasa ya madirisha, siasa ya trekta, na shukrani ambayo mimi niliiona siasa tupu lakini watu wazima kumi na wawili wameniambia siyo.

Nilimuuliza senje. Alikuwa akisonga obusuma na hakugeuka. "Kwa hii nyumba," alisema, "siasa ni kuuliza mama mkwe nyama imeenda wapi." Nilicheka. Yeye hakucheka. Mume wake, aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu kiwandani, akasema kwamba siasa ni kazi kama kazi nyingine, inafanywa na watu wa Nairobi, na wakulima wakiianza watalala njaa. Senje akamuuliza ni nani basi aliyegawa zamu kiwandani hata yeye akapata ya usiku miezi minne mfululizo. Mume akamwambia asilete siasa wakati wa kula. Nilikula nikiwaangalia kwa zamu. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie mpaka uko wapi, kwa maana kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mpaka huo na kalamu.

Mama Aineah alikuwa mwanamke pekee katika kamati. Mume wake alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na jina lake likaandikwa kwenye kitabu cha bloku. Hilo ndilo lililomshikilia pale. Shemeji zake walilitaka lile shamba na hawakuficha, lakini maadamu nambari ya miwa ilikuwa yake na miwa imesimama, hakuna aliyeweza kumhamisha. Siku jina lake likitoka kitabuni, wangemwambia arudi kwao Buyangu na watoto wake wawili. Kila mtu alilijua hilo, naye alilisema waziwazi akiwa jikoni, kama anayetaja bei ya chumvi. Hakuwa mtu wa kelele. Alisimama, akashika mikono yake mbele, akauliza. Aliuliza kwa nini miwa yake imepitisha muda wa kukatwa huku iliyo michanga kuliko yake imeshaondoka. Aliuliza karatasi za ruhusa ya kukata hukaa nyumbani kwa nani. Kisha akianza kuulizwa yeye, alisema, "Basi, nimemaliza," akaenda jikoni kumsaidia mke wa Opati kugeuza sima. Mimi kwa sababu ya daftari niliwekwa meza moja na wanaume, jambo lililonivimbisha kichwa, na ni yeye aliyeniletea sahani. Kuku akichinjwa alihakikisha nimepata paja. "Kula, karani," aliniambia. "Kuandika inachoshanga." Nilikula paja nikiwa nimeshaandika jina lake kulia dakika chache tu kabla.

Kufikia katikati ya mwaka sikungoja tena Mzee Opati aseme. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Mama Aineah akisimama tu, kalamu yangu ilihamia kulia yenyewe. Nilianza kusikia siasa kabla hajafungua mdomo, na nilijivuna kwamba nimeijua kazi. Kati ya mara zile kumi na moja, tatu zilikuwa juu ya nyasi. Kulikuwa na njia pana kati ya shamba lake na la ndugu wa Mzee Opati, njia ambayo kamati ilipaswa kuhakikisha imefyekwa ili moto ukitokea upande mmoja usivuke. Ilikuwa imejaa nyasi kufika kiunoni. Aliomba ifyekwe. Mara ya pili akasema kiangazi kinakuja. Mara ya tatu akasema, "Mimi nimefyeka upande yangu mpaka katikati. Huo upande mwingine si yangu, na mwenye yake tunamjua." Watu wakatazama chini. Mzee Opati akasema, "Unaona sasa. Siasa." Nilikuwa nimeshaandika.

Moto ulitokea alasiri moja ya kiangazi. Nilikuwa nikianua nguo nikasikia miwa ikipasuka, mlio kama wa mahindi yanapokaangwa, kisha majivu meusi yakaanza kushuka juu ya mashuka meupe ya senje. Shamba la Mama Aineah liliteketea, njia ya nyasi ikashika, moto ukavuka ukamaliza mashamba manne, mawili yakiwa na miwa michanga isiyofaa kitu. Hakuna aliyeumia. Lakini kule kwenye miwa kila mtu anajua jambo moja: miwa iliyoungua lazima ikatwe upesi kabla haijaharibika, kwa hiyo kiwanda huitangulizia trekta. Mwenye miwa iliyochelewa na asiyesikilizwa huweza kuona kiberiti kama njia ya kusikilizwa. Kabla jua halijatua jina la Mama Aineah lilikuwa midomoni mwa wote. Nilimsikia mume wa senje juu ya ule ukuta. "Ni yeye. Si amekuwa akilalamikanga mwaka mzima?" Senje akamjibu kwa swali. "Mtu anachoma, halafu tena anaomba nyasi ikatwe?" "Wewe nyasi ulisikia wapi?" aliulizwa. "Kwa huyu mtoto," senje akasema, na nikajua wanajua kwamba nasikia.

Wiki hiyo chifu aliitisha baraza. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi yake, wenye hasara mbele, Mama Aineah peke yake kwenye kiti cha mbao. Shemeji zake wawili walikuja wamevaa makoti. Alisema hakuchoma, alikuwa Shianda sokoni, na kwamba aliwaomba wote wafyeke njia. Mzee Opati akasema kamati haikumbuki ombi kama hilo, na kwamba vikao vyote vimeandikwa. Chifu akanyoosha mkono akaomba daftari. Alifunua kurasa polepole akaona jina la Mama Aineah kulia, tena kulia, tena kulia, bila neno lolote mbele yake. "Huyu mama ako hapa mara kumi na moja," akasema. "Wengine mara moja, mara mbili. Karani, alikuwa anasema nini?"

Nilisimama. Nakumbuka nilikuwa nimevaa sketi ya shule ambayo senje aliiteremsha pindo, na majani ya nyasi yalikuwa yamenishika magotini. Nilikuwa najua. Nilikuwa mtu pekee pale ambaye kazi yake ilikuwa kukumbuka. Nikafungua mdomo nikasema, "Alikuwa anauliza juu ya..." Mzee Opati hakupandisha sauti. Alinigeukia kwa upole, karibu kwa huruma, akasema, "Karani, soma yale yameandikwa. Usiingize siasa." Nikatazama ukurasa. Palikuwa na jina, na chini yake jina, na chini yake jina. Nikasoma, "Mama Aineah. Siasa." Nikaketi.

Kamati ililitoa jina lake kitabuni siku hiyohiyo kwa kuinua mikono. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameondoka kwenda Buyangu kwa kaka yake, na shemeji zake wamegawana shamba. Mzee Opati alifanya kama senje alivyotabiri. Alinipeleka kiwandani na barua iliyosema mimi ni mtu wa kuaminika, asiye na maneno, na nikapata kazi yangu ya kwanza. Kutoka pale nikahamia ofisi nyingine, kisha nyingine, mpaka kustaafu. Sikuwahi kumwambia mtu. Lakini nilijitengenezea maelezo, na maelezo hayo nimeyabeba mpaka mwezi uliopita: kwamba kosa langu lilikuwa kosa la neno. Kwamba nyasi si siasa, trekta si siasa, na mimi, kwa utoto, niliyaweka maswali ya mwanamke mwenye haki mahali pasipo pake. Nilijiambia siku nikimwona nitamwomba radhi kwa hilo, na hata sentensi nilikuwa nayo tayari.

Basi kwenye ile hoteli, chai ilipofika, nikaitoa. Nikamwambia, "Mama, nilikuandika vibaya. Yale uliyokuwa ukisema hayakuwa siasa." Alikoroga chai yake muda mrefu. Ana mikono mikubwa bado, ya mtu anayelima.

"Ilikuwa siasa," akasema.

Nikadhani hakunisikia, nikarudia. Akainua mkono nisimalize. "Nimesikia. Nakwambia ilikuwa siasa. Mimi nilikuwa nataka Opati atoke kwa hicho kiti. Nilikuwa nataka hizo karatasi zikae mahali kila mtu anaona, na nilikuwa nataka hata mimi nikae kwa hicho kiti siku moja, mbona nisikae? Hiyo inaitwanga nini? Hata leo si umeniona? Ufunguo iko kwa nyumba ya mtu, watu wanachota maji ya mto. Nikiuliza ni siasa. Sawa, ni siasa. Anijibu."

Miaka arobaini ya kujihukumu ilikuwa imejengwa juu ya shtaka ambalo mwenye kudhulumiwa hakulitambua. Nilihisi nimefika kwenye nyumba ya msiba nikaambiwa hakuna aliyekufa hapa, jaribu kwa jirani. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nina hakika ilikuwa ya kijinga, kama basi hakuwa na neno na mimi.

"Niko nalo," akasema. Alisukuma kikombe pembeni. "Hilo jina langu uliandika kulia, uliandika kushoto, haikunifukuza. Mimi nilikuwa nimezoea. Lakini ile siku ya chifu ulisimama. Nilikuona. Nilisema kwa roho yangu, huyu mtoto anakumbuka ile maneno ya nyasi, anaenda kuisema. Ulikuwa umeanza. Sasa mimi nimekaa huko Buyangu nikijiuliza hiyo moja tu. Kwa nini ulikaa?"

Majibu yalikuja mengi kwa pamoja. Nilikuwa mtoto. Mzee Opati alikuwa na hofu zake za kweli. Daftari halikuwa na maneno. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na hilo halikuwa uongo, kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa mwaka mzima na nimechanganyikiwa mpaka sasa ninapoandika. Yeye alingoja. Mhudumu alikuja kuuliza kama tunaongeza maandazi, tukasema hapana kwa pamoja.

"Nilitaka ile kazi," nikasema.

Akaniuliza, "Uliipata?"

"Niliipata."

"Ukafanya miaka mingapi?"

"Arobaini, mama."

Alihesabu kimyakimya, akikunja vidole kimoja kimoja juu ya meza kama anayehakikisha simdanganyi. "Ni sawa," akasema mwishowe. "Hata mimi huko kwa kaka yangu ni hiyo hiyo arobaini."